Wati Nne

Chombo ninachokichora kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili kinaishi kwa wati 14. Hesabu yake si ngumu. Paneli za sola zilizolala juu ya mgongo wake zina uwezo wa wati 100, na kwa nchi iliyo karibu na ikweta kama yetu, jua la kutwa nzima ukilikusanya pamoja ni sawa na saa tano hivi za jua kali. Hizo ni wati-saa 500. Toa joto linalopunguza nguvu ya paneli. Toa chumvi inayoganda juu ya kioo. Toa kinyesi cha ndege (usicheke, ndege wa majini hupenda kutua juu ya kitu chochote kinachoelea). Toa na umeme unaopotea ukiingia na kutoka kwenye betri. Zinabaki kama 350. Gawa kwa saa 24, unapata wati 14 na ushee. Chaja ya kompyuta mpakato ninayoandikia makala haya hula mara tatu au nne ya hapo.

Katika hizo 14, mota ya kukisogeza polepole inachukua 7. Kompyuta ndogo, dira na kipokezi cha setilaiti kinachokijulisha kiko wapi vinachukua 3. Zinabaki 4. Kila ambacho chombo hiki kitapima, kitasikia na kutuma nyumbani kwa miaka mitano kitatoka katika wati nne hizo, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuzigawa.

Kwenye pendekezo la utafiti kazi hiyo imeandikwa kama kazi ya hesabu. Kadiri ninavyoendelea nayo, ninaiona zaidi kama kazi ya maadili.

Tukitaja droni, wengi wetu huwaza ndege nyuki: ile inayopiga picha za harusi kutoka juu, au ile iliyojaribiwa mwaka 2018 kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 juu ya maji kwa dakika 40. Droni ya majini ina tabia nyingine kabisa. Haina haraka. Kuna moja iliyoitwa Papa Mau, ya kampuni ya Liquid Robotics, iliyoondoka San Francisco mwishoni mwa 2011 na kufika Australia mwishoni mwa 2012. Ilikwenda zaidi ya kilomita 16,000 ikisukumwa na mawimbi yenyewe, na sola ilikuwa ya kulisha vipimo na redio tu. Mwaka 2019 chombo cha Saildrone, chenye tanga gumu lililosimama kama bawa, kilizunguka bara lote la Antaktika kwa siku 196. Ndani yake hamna mtu wala tangi la mafuta. Hamna hata mahali pa kukaa.

Ukisoma namna vyombo hivi vinavyoundwa, unakuta kila mahali jambo lile lile: kinachodumu baharini ni kile kinachojua kulala. Kinaamka, kinapima joto na chumvi ya maji, kinaandika, kinarudi kulala. Ndugu zao wa chini ya maji, maboya ya mpango wa Argo, wamefika mbali zaidi katika fani hiyo. Hawatumii hata jua. Wana betri tu. Boya la Argo huzama mita 1,000, likaelea huko gizani siku tisa hivi, kisha likashuka mpaka mita 2,000, likapanda juu polepole huku likipima, likatuma ujumbe kwa setilaiti na kuzama tena. Kila siku kumi mara moja, kwa miaka. Yapo karibu 4,000 katika bahari zote za dunia, na vipimo vyake ni bure kwa yeyote mwenye intaneti, hata mwanafunzi wa Kyerwa aliyekaa Dar es Salaam.

Usingizi huo ni ufundi mkubwa, na ninauheshimu. Ila kulala maana yake ni kufumba macho, na anayepanga saa za kufumba amepanga pia nani hataonekana.

Nyumbani kwetu ni Kyerwa, upande wa Nkwenda. Kutoka pale mpaka Bahari ya Hindi ni kama kilomita elfu moja, na Bibi yangu hajawahi kuiona. Likizo iliyopita aliniuliza ninasomea nini hasa, nikamwambia ninaunda mtumbwi usio na mtu utakaokaa baharini kupima joto la maji. Alinyamaza kidogo, akaendelea kuchambua maharage. Kisha akauliza, bila kejeli, bahari inamhusu nini yeye.

Inamhusu sana. Maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, yakiwa na joto kuliko kawaida huku yale ya upande wa Indonesia yakipoa, mvua za vuli Afrika Mashariki huzidi. Mambo yakigeuka, vuli hudhoofika. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, mvua zilipopitiliza na Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Ndivyo ilivyokuwa 1997, na ndivyo ilivyokuwa 2019, vuli ambayo Bibi anaikumbuka kwa maharage yaliyoota yangali ndani ya maganda yake. Lakini hali hiyo ya bahari ilikuja kuelezwa na kupewa jina na wanasayansi mwaka 1999. Wakati wa mvua za 1961 hapakuwa na mtu aliyejua kinachoendelea. Walioweza kuieleza baadaye walirudi kwenye joto la maji lililopimwa na kuandikwa kwa miongo, sehemu kubwa na mabaharia wa meli za biashara, ndoo kwa ndoo, daftari kwa daftari. Watu hao hawakujua wanamwandikia nani. Wengi walikuwa wameshakufa maana ilipopatikana.

Nilimweleza Bibi haya kwa kifupi, nikichanganya Kiswahili na Kinyambo pale nilipokwama. Alielewa haraka kuliko wanafunzi wenzangu. "Basi mjukuu wangu, kikae huko huko baharini," alisema. "Mimi nataka kujua nipande lini."

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ana maoni mengine. Yeye alimaliza kidato cha nne akaenda Goziba, kisiwa cha Muleba kilicho mbali ndani ya ziwa, kuvua dagaa. Vijana wengi wa Karagwe na Kyerwa hufanya hivyo kahawa inaposuasua. Uvuvi wa dagaa ni wa usiku. Zamani walitumia karabai. Siku hizi ni taa zinazochajiwa kwa sola mchana, zinawashwa juu ya maji gizani, dagaa wanasogea kwenye mwanga, nyavu zinawazunguka. Na usiku ndio wakati ziwa hilo linapokuwa baya. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, mvua za radi zinapiga huku bara. Usiku inageuka: ardhi inapoa, maji yanabaki na joto lake, hewa ya pande zote inateremka kuelekea ziwani, inakutana katikati na kupanda juu. Radi na tufani za Ziwa Victoria huumuka kati ya usiku wa manane na alfajiri, wakati mitumbwi yenye taa iko mbali na ufuko. Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kwenye ziwa hili kila mwaka.

Si kwamba hakuna anayejali. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa, na mradi wa HIGHWAY ulioanza 2017, ukiratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, ulizisaidia nchi za ziwa kutoa maonyo ambayo mvuvi anaweza kuyatumia. Kaka anayasikiliza. Shida yake ni nyingine. Utabiri unamwambia leo kuna uwezekano wa upepo mkali, na usiku wa uwezekano ni wengi mno. Ukikaa nchi kavu kila ukiambiwa, hutakula. "Mimi nataka kitu kinachokaa kule ndani," aliniambia kwenye simu, "kiniambie upepo ukishaanza, kabla haujafika hapa. Nusu saa inanitosha."

Nusu saa ya tahadhari. Niliandika maneno hayo pembeni ya jedwali langu la umeme, kisha nikaanza kukokotoa.

Hapa nitakaa kidogo kwenye ufundi, kwa sababu ugumu wote umejificha humo. Chombo cha baharini ninachokichora kinaweza kuchukuliwa na mkondo. Kikisogea kilomita 20 hakuna hasara. Joto la maji ya pale nalo lina maana. Kinaweza kulala sana, na kinaweza kutuma habari zake mara moja kwa siku. Chombo cha kumwonya kaka hakiruhusiwi lolote kati ya hayo. Lazima kibaki mahali pake, maana onyo la upepo kutoka mahali usipopajua halina kazi. Lazima kiwe macho, mtandao ukiwa wazi, hasa kuanzia saa 8 usiku mpaka saa 1 asubuhi. Na lazima kishindane na upepo ule ule kinaoupima. Nguvu ya kusukuma chombo majini haiongezeki kwa ulinganifu: ukitaka mwendo mara mbili unahitaji umeme karibu mara nane. Katika hesabu zangu, saa tano za kukesha hivyo zinakula wati-saa 150, karibu nusu ya chakula cha siku nzima. Masika yakileta mawingu siku tatu mfululizo, usiku wa nne chombo kinazimika. Na betri inayokamuliwa kila usiku mpaka chini huzeeka haraka kuliko inayoguswa juu juu. Miaka mitano inakuwa pungufu ya miwili.

Halafu kuna kejeli moja ambayo sijaizoea bado. Chombo kinakula jua. Hatari inakuja usiku.

Fedha za kuunda mfano wa majaribio ni za chombo kimoja, na tasnifu inanitaka nitaje kitawekwa wapi na kitatumiaje umeme wake. Baharini, kikilala na kuamka kwa utulivu, kiwe sehemu ya daftari refu litakalomsaidia mjukuu wa mtu fulani kujua apande lini. Au ziwani, kikikesha, kife mapema.

Mwaka 1972 mwanafalsafa Peter Singer aliandika mfano ambao kila aliyesoma kozi ya maadili anaujua. Unapita kando ya bwawa la kina kifupi, unaona mtoto anazama. Ukimwokoa utachafua nguo zako. Ni wazi unapaswa kuingia. Kutoka hapo Singer anajenga hoja kwamba umbali haubadilishi wajibu: mtoto anayekufa nchi nyingine ana dai lile lile juu yako.

Ninaukubali mfano huo, lakini kila nikiusoma nagota kwenye neno moja: unaona. Singer anaanza hadithi baada ya macho kufunguka. Mpita njia wake tayari yuko kando ya maji, mchana, akiangalia upande sahihi. Kwangu mimi hadithi inaanza mapema zaidi. Mimi ndiye ninayeamua kama kando ya bwawa patakuwa na mpita njia, na saa ngapi. Nikikiweka chombo baharini, hakuna atakayeweza kusema kwamba kilimpita mtu anazama na kikamwacha, hakikumwona. Rekodi zitakuwa safi kabisa. Na mimi nitakuwa nimelala usingizi mzuri kwa sababu nilihakikisha mapema kwamba hakuna cha kunishtua. Sheria inamwadhibu anayeona na kuacha, tena mara chache. Sijui sheria inayomgusa mtu aliyepanga vizuri kutokuona.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja, mpenzi wa vitabu vya falsafa ya vizazi vijavyo, alinijibu kwamba ninaongozwa na huruma ya karibu. Watu watakaoishi miaka 100 ijayo ni wengi kuliko wavuvi wa Goziba, na joto la bahari ndilo litakaloamua wale nini. Tena aliongeza, akijua ninakotoka, kwamba kuacha mfululizo wa miaka kwa ajili ya usiku huu ni butura.

Kwa msomaji asiye wa Kagera: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua. Mkulima ana shida, ada ya shule au mgonjwa hospitali, na mavuno yako miezi mingi mbele. Mnunuzi anakuja, anaitazama mibuni iliyochanua meupe, anakadiria, analipa kidogo leo. Msimu ukifika, kahawa si yako. Serikali inaikataza, viongozi wa vyama vya msingi wanaikemea, na inaendelea. Nimekulia ndani ya lawama hizo. Mkulima wa butura husemwa kama mtu asiyeona mbali.

Neno la mwenzangu lilinichoma, na lilinifanya nitafute kitabu cha John Mbiti cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy. Mbiti, Mkenya, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akadai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una nyuma ndefu na leo, lakini karibu hauna mbele. Kwamba mambo yaliyo zaidi ya miaka miwili hivi mbele hayana mahali pa kukaa akilini. Amebishiwa sana na wenzake, na mimi mtoto wa kibanja naongeza ubishi wangu. Kibanja cha kwetu, ile migomba na mibuni inayozunguka nyumba, udongo wake haukuumbwa hivyo. Ulitengenezwa, kwa nyasi zilizobebwa kichwani kutoka mbugani na samadi iliyomwagwa msimu baada ya msimu, na watu waliojua kwamba rutuba yenyewe wataila wengine. Mibuni ambayo Bibi anachuma ilipandwa na mkwe wake. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa na Oxford kuhusu vizazi vijavyo.

Na ni mtu huyo huyo anayefanya butura. Hapo ndipo ninapoona mwenzangu amekosea. Anayeuza ua anaijua bei ya kahawa iliyoiva kuliko mnunuzi. Hakosi macho ya mbali. Anakosa cha kumfikisha huko. Subira ina gharama, na gharama hiyo hulipwa kila siku, na fedha taslimu. Daftari la bahari limewezekana kwa sababu wapo waliolilipia huku wakila vizuri: meli zenye mishahara, mataifa yenye bajeti. Karibu nusu ya maboya ya Argo hugharimiwa na Marekani. Sisemi hivyo kwa ubaya. Vipimo hivyo tunavitumia bure. Ninasema tu kwamba ni rahisi kusifu subira ukiwa na ghala.

Lakini hoja hii inanigeukia pia. Nikisema bahari ina watazamaji wengine, acha mimi nikeshe ziwani, nimeiweka vuli ya Bibi mikononi mwa bunge la nchi nyingine. Maharamia wa Somalia walipochachamaa, meli za utafiti zililikwepa eneo kubwa la magharibi mwa Bahari ya Hindi, na maboya ya kutia nanga yaliyopangwa kuwekwa upande huo chini ya mpango wa RAMA yakakwama. Pengo likaangukia mahali ambapo mvua yetu inapikwa. Bajeti nayo inaweza kuwa haramia, tena bila bunduki. Kwa hiyo ndiyo, kuna butura katika kuchagua ziwa. Ninauza kitu ambacho kingekuwa cha Bibi, au cha mtu atakayekaa kwenye kibanja chake.

Nimechagua ziwa.

Sababu yangu ni nyembamba, na sitaki kuipamba. Baharini chombo changu kingekuwa kimoja kati ya maelfu. Kikikosekana, picha ya joto la bahari inafifia kidogo. Kule ndani ya ziwa saa 9 usiku, kikikosekana, hakuna kitu. Sijalinganisha uzito wa watu waliopo na wasiokuwepo bado, na sidhani kuna mizani ya kufanyia hivyo. Nimelinganisha giza na giza, na la Goziba ni zito zaidi.

Msimamizi wangu, mama mwenye subira kuliko chombo chochote, hakunikataza. Aliniuliza tu, "Unataka mfululizo wa vipimo au unataka kengele?" Nikamwambia nataka vyote viwili, akacheka, akaniambia nirudi na jedwali.

Jedwali hilo lilipatikana kwa msaada wa kaka. Nilimwuliza wanavua usiku ngapi kwa mwezi, akanishangaa. Dagaa hawavuliwi mbalamwezi. Mwezi ukipevuka, mwanga wake unatapakaa juu ya maji yote na taa za mitumbwi hazina mvuto tena. Wanavuta mitumbwi ufukoni, wanashona nyavu, wanalala. Siku kama nane au tisa. Kwa hiyo ziwa lenyewe lina ratiba ya usingizi, na wavuvi wanaifuata tangu zamani. Niliingiza kalenda ya mwezi kwenye programu ya umeme. Usiku wa giza chombo kinakesha. Mwezi unapokaribia kupevuka kinalala, betri inapumzika, kinapima joto la maji kila saa kama wenzake wa baharini. Kwa hesabu mpya kinafika karibu miaka mitatu.

Msimamizi aliona mara moja kilichoharibika. Daftari langu litakuwa na upendeleo: vipimo vingi vya upepo usiku wa giza, vichache usiku wa mwezi. Mtu wa 2080 akitaka kujua upepo wa ziwa hili katika miaka yetu, ataona ziwa la wavuvi wa dagaa. Hoja nzuri, na itabidi niieleze wazi katika sura ya tatu. Ila ninakumbuka wale mabaharia wa ndoo. Vipimo vyao vya bahari vimejipanga kwenye njia za biashara, kutoka bandari moja ya wakoloni hadi nyingine, na sehemu kubwa za bahari zisizokuwa na biashara hazina kitu. Hakuna aliyewaambia daftari lao lina upendeleo wa nguo na pembe za ndovu. Kila daftari lina njia ya watu fulani ndani yake. Langu litakuwa na ya kaka yangu.

Yeye mwenyewe hakushangilia. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Hicho kitaniambia mimi, au kitawaambia wao habari zangu?" Wavuvi wanakumbuka vizuri msako wa nyavu haramu wa 2018, na chombo kisicho na mtu kinachoelea karibu na kambi ni rahisi kukidhania jicho la doria. Hawajakosea kuuliza. Vyombo vya aina hii ni macho, na wenye nguvu wanalijua hilo. Mwaka 2022 Iran ilivikamata kwa muda vyombo vya Saildrone vilivyokuwa vikitumiwa na jeshi la wanamaji la Marekani, katika Ghuba na katika Bahari ya Shamu. Nilimweleza kwamba changu hakina kamera. Ukweli ni kwamba kamera isingetosha ndani ya wati nne hata ningeitaka, kwa hiyo hapa umaskini wa umeme umenisaidia kuwa mwadilifu. Sijui ningefanya nini ningekuwa na wati 40.

Swali lake la pili lilikuwa la kiutendaji zaidi. Paneli ya wati 100 na betri nzuri, vimeachwa peke yake juu ya maji, mahali ambapo kila mtu anahitaji sola ya kuchajia taa. Alitaka kujua ninadhani kitakaa wiki ngapi. Baharini wenzangu wanalijua tatizo hili: samaki hukusanyika chini ya kitu chochote kinachoelea, jodari hasa, na wavuvi hufunga vyombo vyao kwenye maboya ya utafiti mpaka vifaa vinang'oka. Ripoti huita uharibifu. Mvuvi akiulizwa angesema amekuta kitu kinachomfaa na hakuna aliyemwambia ni cha kazi gani nyingine. Nimeandika kwenye tasnifu kwamba betri ibaki na tundu la kuchajia taa mbili kwa yeyote atakayekikuta mchana. Zinatoka kwenye zile zile nne. Msimamizi ameweka alama ya kuuliza pembeni, kwa kalamu nyekundu, na hajaifuta.

Wiki iliyopita nilimtumia kaka jedwali lote kwa simu, safu kwa safu, giza na mbalamwezi. Alilisoma kwa makini. Akajibu kwamba kwa watu wa dagaa limekaa vizuri, na akauliza nimewaweka wapi watu wa sangara, maana wao hutega mwezi uwepo usiwepo, na mitumbwi ya kubeba ndizi kwenda visiwani nayo haingoji giza. Nimeongeza mstari kwa ajili yao. Safu ya wati upande wa kulia bado iko tupu.